Nimenong'ona kwenye sikio la dikteta

Jana nimeingia lile pango la Syracuse, huko Sicily, wanaloliita Sikio la Dionysius, kwenda juu ni kama mita 23 na limepinda ka herufi S, nikanong'ona "oya" tu, mama mmoja kule ndani akageuka 😂 Mtembeza wageni anasema huyo Dionysius, dikteta wa Syracuse enzi hizo, alitawala 405 hadi 367 KK, eti alijibanza juu huko kusikiliza wafungwa wanavyomteta, hiyo stori tu lakini kwa wasiwasi aliokuwa nao wala sishangai, maana inasemekana hata kinyozi hakumwamini, mabinti zake ndo walimuunguza ndevu kwa maganda ya moto ya jozi (zile kokwa za ganda gumu), wembe hataki kuuona!! Mwanae naye akang'olewa, akaishia Korintho, wanasema anafundisha watoto kusoma 🙆🏾‍♂️