Nilivyoifunga kamba plaizi yangu ya kukunja

Natengeneza injini za boti za wavuvi, upande wa Sahare na Deep Sea hapa Tanga. Kifaa ninachokishika kuliko vyote ni plaizi ya kukunja, ile ambayo ndani ya mipini yake mna kisu, tupa, bisibisi na msumeno mdogo. Injini inaning'inia nyuma ya boti, nawe unafanya kazi umeinama juu ya maji yenye tope la mikoko. Chuma kikikuponyoka pale hukioni tena. Kwa hiyo yangu haitoki mfukoni bila kamba, na naamini namna nilivyoifunga itawafaa pia wanaofanya kazi juu ya mapaa na minara.

Tanga ni mji wa katani, zao lililoletwa huku mwaka 1893, na mtu akisema kamba wengi wetu tunawaza hiyo kwanza. Kwa kufungia mizigo sina kamba niipendayo zaidi. Kwa kazi hii ya majini haifai: inanyonya maji, inavimba, inaoza, na ncha zake huwezi kuziziba kwa moto. Nilitafuta nailoni ya kusukwa, ile kamba ya parashuti. Unene wake ni kama milimita 4, ndani ya ganda mna nyuzi saba, na ile halisi hubeba ratili 550, karibu kilo 250. Plaizi yenyewe ni robo kilo hivi. Nguvu ilikuwepo tele, shida ilikuwa tundu.

Tundu lililo mwisho wa mpini ni dogo, kamba iliyokunjwa mara mbili haipiti. Nikakata kipande kama shibiri mbili, nikazichomoa zile nyuzi za ndani, likabaki ganda tupu linalolala bapa. Nguvu inapungua ukifanya hivyo, lakini kwa uzito huu inatosha. Nikalikunja katikati, nikausukuma ule mkunjo tunduni kwa waya mwembamba, kisha nikazipitisha ncha zote mbili ndani ya mkunjo na kuvuta. Kadiri plaizi inavyoning'inia ndivyo fundo linavyozidi kubana.

Zile ncha mbili nikazifunga pamoja fundo moja nene, vidole vitatu kutoka kwenye mpini. Hapo mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ananitazama akaniambia, "Mwanangu, hilo halijakaa. Tia mate, ndiyo uvute." Nailoni mpya inateleza, na fundo likilowa kabla ya kukazwa nyuzi zake zinalaliana vizuri. Nikafanya alivyosema, nikavuta kwa meno na mkono, kisha nikaziunguza ncha kwa kiberiti mpaka zikayeyuka na kuwa vishanga vigumu. Usivibonyeze kwa kidole vikiwa vya moto, nailoni iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi.

Mkia huo mfupi hautoki kwenye plaizi. Kamba ndefu ni nyingine kabisa, na huo ndio uamuzi ninaousisitiza kwa kila fundi anayeniuliza. Upande mmoja imefungwa kwenye mkanda wa suruali, upande wa pili ina tanzi linalojikaza. Tanzi nalivisha nyuma ya lile fundo nene, nikivuta linabana, na nikitaka kuachia nalilegeza kwa dole gumba. Vile vikulabu vya kuning'inizia funguo nimevikataa, chumvi inavila springi na siku unayovihitaji vinagoma.

Sababu ya kutaka kuachia upesi ni kwamba kamba na kitu kinachozunguka havikai pamoja. Nikibadilisha propela, injini imezimwa, nainyoosha kwa plaizi ile pini ya miguu miwili iliyokunjwa, naichomoa, nafungua nati. Hapo kamba iko kazini. Mwenye boti akitaka kuvuta kamba ya kuwashia, mimi kwanza navua tanzi na kuirudisha plaizi mfukoni. Kwa sababu hiyohiyo siifungi kwenye kifundo cha mkono, wala shingoni.

Urefu niliupima mwilini: kutoka mkandani hadi kwenye ngumi, mkono ukiwa umenyooshwa, nikaongeza shibiri moja. Ikiwa fupi zaidi inakuvuta kila ukinyoosha mkono, ikizidi inanasa kwenye makasia na nyavu. Kwa urefu huo plaizi ikidondoka inafika usawa wa muundi wa mguu, basi kisu kikiwa wazi siiachii hata kidogo, nakikunja kwanza. Nakagua pia kamba isije ikabanwa katikati ya mipini wakati wa kufunga.

Jioni naisuuza yote kwa maji yasiyo na chumvi na kutia tone la mafuta kwenye maungio. Pa kutazama ni pale ganda linapokwaruzana na ukingo wa tundu. Likianza kutoa manyoya tu, nakata kipande kingine.