Viazi vilivyonifundishia somo la spora

Mwanafunzi aliyekuwa anaongoza darasani ndiye aliyenifungua macho. Kwenye mtihani aliandika habari za Clostridium tetani, bakteria wa pepopunda, bila kukosea hata herufi. Wiki mbili baadaye tukiwa leba nikamwonyesha mkasi wa kukatia kitovu, nikamuuliza kwa nini tusiuchemshe tu kwenye sufuria yakaisha. Akanijibu, "Madam, ni utaratibu wa wadi." Basi. Alikuwa amekariri jina la mdudu, lakini mdudu mwenyewe hamjui.

Nafundisha mikrobiolojia kwenye chuo kidogo cha afya Kanda ya Ziwa. Hadubini zetu ni chache na agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, ni ya kupimiana kwa kijiko. Nikakumbuka kwamba Robert Koch, kabla maabara yake haijaanza kutumia agari, alikuwa akiotesha bakteria juu ya vipande vya viazi vya kuchemsha. Viazi mviringo sokoni havikosekani. Nikanunua, nikamenya, nikakata vipande, nikavitia kwenye chupa za jemu na kuvichemsha humo humo kwa dakika 20. Chupa moja ikawekewa kidole kisichonawa, nyingine kidole kilichosuuzwa kwa maji matupu, nyingine kilichonawa kwa sabuni, nyingine ikapakwa usufi uliofuta simu. Ya tano haikuguswa na mtu, hiyo ndiyo ya kulinganishia. Vifuniko tukavifunga kwa plasta na marufuku kufungua. Zikakaa juu ya kabati, si kwenye joto la nyuzi 37, kwa sababu sikutaka kuwabembeleza wale wanaopenda joto la mwili wa binadamu.

Siku ya tatu darasa zima likacheka. Chupa zote tano zilikuwa zimechafuka, na ile isiyoguswa ndiyo iliyotia fora: juu ya kiazi kulikuwa na utando wa kijivu uliojikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe kunawa hakusaidii!" Nilijisikia vibaya, siwezi kudanganya. Nikataka nizimwage zote tuendelee na slaidi zangu.

Usiku ule ndipo nikaelewa kwamba niliyoyapata ni zaidi ya niliyoyatafuta. Kiazi hutoka udongoni, na udongoni wapo bakteria wa jamii ya Bacillus. Asubuhi nikavaa glavu, nikawasha kichomeo, nikachota utando kidogo kwenye chupa ile ya tano na kuupaka rangi za Gram. Wanafunzi wakapanga foleni kwenye hadubini. Walichokiona ni vijiti vya zambarau, na ndani ya baadhi ya vijiti kuna kidoa cheupe, kama dirisha ambalo rangi imeshindwa kuingia.

"Hicho kidoa ni nini?" nikauliza.

Kimya. Halafu binti mmoja wa Mara akasema taratibu, "Madam, ni kama kamongo. Ziwa likikauka anajifukia matopeni, mvua ikinyesha anatoka."

Nimesoma vitabu vingi vya fani hii, sijakutana na maelezo ya spora, yaani umbo gumu ambalo bakteria hujifungia humo na kulala, yanayoshinda hayo. Tangu siku hiyo darasani kwangu spora inaitwa kamongo. Maji yanayochemka, nyuzi 100, yanawaua bakteria ambao hawajajifukia, ila kamongo anabaki amejifukia akisubiri kipoe. Kumtoa roho kunahitaji mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, na ndiyo kazi ya otoklevu. Spora za pepopunda nazo zinakaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo. Yule aliyeongoza mtihani akaguna. Nadhani mkasi wa leba ulimrudia kichwani.

Swali gumu likatoka kwa yule yule wa nyuma: "Sasa kwa nini tunawaambia kina mama wachemshe maji ya kunywa?" Mwalimu yeyote huombea swali kama hilo, ingawa likifika linakutoa jasho. Nikawarudishia wenyewe. Walibishana karibu nusu saa, kwa Kiswahili, Kiingereza cha mtihani kikiwa kimewekwa kando, mpaka wakafika: kipindupindu hakina kamongo. Vibrio, bakteria wake, hatengenezi spora, maji yakichemka na yeye amekwisha. Kwa hiyo mama achemshe, na mkasi upelekwe kwenye otoklevu.

Tukarudia jaribio. Safari hii vipande vilikaa nusu saa kwenye sufuria ya presha niliyoitoa nyumbani. Chupa isiyoguswa ilibaki safi wiki nzima. Ya maji matupu ilikaribiana na ya kidole kisichonawa, ya sabuni ilikuwa na madoa machache, na ya simu sitaielezea kwa sababu simu yenyewe ilikuwa yangu. Kabla ya kutupa, kila chupa ilirudi kwenye presha, kifuniko kimelegezwa kidogo.

Sufuria ile imebaki maabara moja kwa moja. Nyumbani nilinunua nyingine, na bado mume wangu kila akiletewa maharage huuliza kwanza yamepikwa kwenye ipi.