Nilivyoandaa kumbukumbu ya mwalimu wetu wa yoga bila hotuba hata moja

Walioniambia haiwezekani walikuwa wengi kuliko waliojitolea kubeba mikeka. Mwalimu wetu alipofariki, kikundi kilijaa washauri. Watu ambao hawajakunja goti darasani tangu enzi wakaja na mipango: awepo mshereheshaji, waalikwe wasemaji kutoka nje, wasifu wa marehemu usomwe kuanzia shule ya msingi. Mimi nikapewa uratibu kwa sababu nilikuwa na ufunguo wa kabati la mablanketi. Vyeo vingine hupatikana hivyo.

Nilikuwa na wazo moja tu, na sikulilegeza. Mwalimu alichukia hotuba. Alikuwa mtu wa kusema "pandisha kifua" kisha akanyamaza. Basi kumbukumbu yake ingekuwa darasa, na darasa hilo angelifundisha mwenyewe.

Kwanza tulipigania tarehe. Mmoja alitaka 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga. Nikamwambia siku hiyo Umoja wa Mataifa uliipitisha 2014, ikaanza kuadhimishwa 2015, na tangu hapo kila kikundi chenye mkeka kina shughuli yake. Tungebaki sisi na mpiga picha. Wa pili akataka tungoje siku ya kifo irudi mwakani, akatoa mfano wa B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga aliyefariki 20 Agosti 2014. Mwaka mzima, wakati watu wanalia sasa? Wa tatu ndiye aliyeleta la maana: Guru Purnima, siku ya kuwaheshimu walimu, inayoangukia mwezi mpevu wa Ashadha katika kalenda ya Kihindu, yaani Juni au Julai. Tukakubaliana wote. Dakika haikupita, wafuasi wa Ashtanga, mtindo wa yoga wa K. Pattabhi Jois, wakanyoosha mikono: mwezi ukiwa mpevu wao hawafanyi mazoezi. Ukiandama, vilevile. Na Jumamosi wanapumzika. Nikatangaza Jumapili inayotangulia mwezi mpevu, nikafunga kikao kabla hajapatikana mwenye matatizo na Jumapili.

Sasa nije kwenye ile 108.

Kuna ndugu yetu mmoja alishikilia tufanye salamu za jua 108, kwa kuwa mala, ile tasbihi ya Kihindu, ina shanga 108 na hiyo ndiyo namba ya heshima. Namba sikuipinga. Niliwaonea huruma wenye magoti. Salamu moja, kwa jinsi tulivyofundishwa sisi, ina mikao 12. Ukiipa dakika moja tu, 108 zinakaribia saa mbili bila kupumzika. Nilimpigia hesabu hiyo kwenye karatasi. Akaniambia imani haipigiwi hesabu. Haya, tukafanya jaribio, yeye akiongoza, nguo nyeupe pee, sauti ya gwaride. Mizunguko kumi ya mwanzo ilikuwa burudani. Ilipofika ishirini na kitu vicheko vikakata. Muda si mrefu aliyekuwa anahesabu akapotea: wawili wanadai ni 38, mwingine anaapa ni 45, na mama mmoja mtu mzima ameshakaa kitako kwenye blanketi anawaangalia wenzake kama anayeangalia mpira. Kiongozi wetu akainama, akashuka, akafika kwenye mkao wa mtoto ambao haumo kabisa katika salamu ya jua, akabaki hapo. Tukaambiwa anatafakari. Alitafakari mpaka mlinzi akaja kuuliza tunazima taa saa ngapi.

Sikusema "nilikwambia". Nilienda nje kunywa maji, nikacheka hukohuko.

Heshima ya 108 tuliipata kwa kupokezana. Makundi manne, kila moja mizunguko 27. Kundi moja linapofanya, mengine yamekaa yanasikiliza pumzi. Asiyeweza kushuka chini anafanya kwenye kiti: mikono juu, kuinama hadi kifua kiguse mapaja, kunyanyuka. Iyengar mwenyewe alifundisha kwa viti, mikanda na vipande vya mbao, kwa hiyo anayekuambia kiti ni uvivu mwache na uti wake wa mgongo. Kuhesabu nikampa mtu mmoja aliyekaa pembeni na mala mkononi, anasogeza ushanga mmoja kila mzunguko unapoisha. Akigusa ule ushanga mkubwa wa kichwani, mmemaliza, hakuna wa kubishana naye. Mchague mtu asiyependa soga.

Lakini ninachojivunia ni sauti.

Niliomba kila mwenye simu anitumie chochote chenye sauti ya Mwalimu. Nikaletewa takataka nyingi: mmoja alirekodi feni, mwingine alirekodi mfuko wa suruali yake darasa zima. Kijana mmoja mwenye bidii akanihurumia. Kuna programu za akili bandia, akasema, ukizipa dakika chache tu za sauti zinamfanya marehemu aseme unachotaka. Nikamuuliza, aseme nini? "Asanteni sana kwa kuja." Mwalimu! Mtu ambaye hakuwahi kumshukuru yeyote kwa kuja. Alimuuliza kwa nini amechelewa. Hapo mjadala ukaisha.

Nikachambua vipande vya kweli, usiku baada ya usiku, masikio yakiuma. Familia yake ndiyo iliyosikiliza kwanza, na walichokataa nilikifuta bila kuuliza sababu. Vilivyobaki nikavisawazisha sauti na kuvipanga kama alivyopenda: kusimama, kuinama, kusokota kiuno, kulala. Vikohozi na viti vinavyoburuzwa niliviacha. Aliyenishauri nisafishe kila kelele alitaka studio, mimi nilitaka darasa letu. Ukimya wa katikati ndio unaohitaji akili. Nilipotaka nafasi ya pumzi tano, niliipima nikiwa ndani ya mkao wenyewe, maana pumzi tano za mtu aliyekaa mbele ya kompyuta si pumzi tano za mtu aliyesimama kwa mguu mmoja.

Kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Trikonasana, mkao wa pembetatu, tulikuwa nayo upande wa kulia, safi kabisa, neno kwa neno. Upande wa kushoto haukuwepo kwenye simu ya mtu yeyote. Inaonekana kila aliyerekodi aliona kulia kunatosha, akazima. Wakanishauri nikate ile ya kulia niibandike mara ya pili. Hapana. Kulia tukafanya na sauti yake, na ilipofika kushoto nikaacha ukimya wa urefu uleule. Siku yenyewe ukumbi mzima uligeuka kushoto bila kuambiwa, miguu ikajipanga, mikono ikapanda. Yote aliyokuwa akiyasema kila mtu alikuwa anayo. Yule ndugu wa 108 alitokwa na machozi akiwa ameinama ubavu, na mkao hakuuachia.

Ilipofika "wewe wa nyuma, goti!", watu wote wakarekebisha goti, hata wa mbele.

Kuhusu dini, kikundi chetu kina Wahindu, Waislamu, Wakristo na wasio na lolote. Picha yenye shada la maua na taa, kwa wengine ni adabu, kwa wengine inakaribia ibada. Niliiweka ukuta wa pembeni, pasipo na mtu wa kuiinamia kwa bahati mbaya, na maua kwenye kikapu kwa anayetaka. Om mwanzoni na shanti mwishoni, anayeimba aimbe, asiyeimba apumue. Mwalimu alifanya hivyohivyo miaka yote, sijui kwa nini ilihitaji vikao.

Kuna aliyetaka tuondoe shavasana, eti kulala chali kimya kwenye kumbukumbu ya marehemu ni uchuro. Mwalimu alimrudisha kila aliyejaribu kutoroka shavasana, na mshauri huyu mwenyewe aliwahi kurudishwa kutoka mlangoni. Tukalala. Wekeni karatasi laini kando ya kila mkeka mapema, kwa sababu mtu akilia amelala chali machozi yanaingia masikioni. Na mablanketi yawe mengi. Mwili ukitulia unapoa haraka.

Gharama? Ukumbi ulimeza karibu michango yote, spika tuliazima, kilichobaki kikaenda kwenye maua. Mpiga picha hatukumlipa kwa sababu hatukumwita.

Sasa kila mtu anataka ile rekodi. Familia wanayo, nao ndio wenye kusema nani apewe. Kijana wa akili bandia wamemruhusu, akaja kwangu kuchukua nakala. Nikampa, ila baada ya kurudisha mikeka miwili ya kikundi aliyokuwa ameiazima tangu Mwalimu akiwa hai.