Vyombo vya bafuni vya Barbie: nilivyovikusanya hapa hapa Malindi

Nikisema nakusanya vyombo vya bafuni vya doli, yani beseni la kuogea, sinki, choo, kioo mpaka kisahani cha sabuni, watu hucheka kwanza halafu huuliza, vya mtoto wako? La, vyangu mie mama mzima. Na si vya doli yoyote, ni vile vya zamani vya Barbie na Sindy, miaka ya 60 mpaka 80, vilivyochezewa huko Ulaya na watoto ambao leo ni bibi za watu.

Swali la pili huwa ni hapa Malindi wavitoa wapi. Navitoa Casuarina na kandokando yake. Waitaliano wako hapa miaka na miaka, kuna waliokuja na watoto wao na vinyago vyao, watoto wakakua wakarudi kwao, maboksi yakabaki stoo. Siku nyumba ikiuzwa kila kitu chatolewa nje, fanicha zachukuliwa na madalali, nguo wanagawana wafanyakazi, na boksi la vinyago laishia kwa wale jamaa wa vyuma kuukuu na mikokoteni yao. Basi mi nikajifanyia urafiki na hao wa mikokoteni na askari wa mageti. Sikuwatajia Barbie kabisa maana ukitaja Barbie utaletewa doli za dukani za juzi, niliwaonyesha tu picha kwa simu nikawaambia kitu chochote cha bafuni cha plastiki kidogo kiasi hiki, hata kimevunjika, usikitupe, nipigie.

Mzee mmoja akaniletea choo cha waridi ndani ya mfuko wa unga, akakigeuza geuza mkononi. "Mwanangu, hiki hata paka haketi, wakitakiani?" Nikamwambia we mzee nitajie bei tu. Akasema mia. Nikampa mia mbili, na tangu siku hiyo akiokota kitu mie ndo wa kwanza kupigiwa.

Sasa kujua kama kitu ni chenyewe. Mi natembea na rula. Barbie, aliyetoka Marekani 1959, ana urefu wa sentimita 29 hivi, na Sindy wa Uingereza, aliyetolewa na kampuni ya Pedigree 1963, kimo chake kiko karibu na hapo, kwa hivo vyombo vyao ni moja ya sita ya vile vya binadamu. Beseni la kweli la sentimita 170 kwao litakuja kama 28. Ukipima ukapata 14 hiyo ni ya nyumba za wanasesere wadogo, moja ya kumi na mbili, nzuri lakini si ya kwetu. Halafu geuza chini usome maandishi. Ukiona Mattel, ndo kampuni ya Barbie, na neno Hawthorne, mji wa huko Marekani, jua ni cha zamani, maana ndiko ofisi zao zilikokuwa kabla hawajahamia El Segundo mwanzoni mwa miaka ya 90. Ila mwaka ulioandikwa usiuamini moja kwa moja, kuna madoli kibao mgongoni yameandikwa 1966 na yametengenezwa miaka mingi baadaye, huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la doli si wa kutoka kiwandani. Mtu akikwambia ni ya 1966 bei juu, mwambie asante mama ukajiendee zako.

Kazi yenyewe iko kwa kusafisha, na hapa ndo watu wanaharibu mali. Cha kwanza, usimwage maji ukaloweka kabla hujatazama stika, sinki nyingi urembo wake wote ni stika na ikishabanduka umebaki na plastiki tupu. Bomba na fremu za kioo zile zinazong'aa kama fedha si chuma kizima, ni ngozi nyembamba mno ya madini juu ya plastiki, ukisugua na dawa ya meno yatoka, ukitia jiki ndo yayeyuka kabisa inabaki plastiki tupu. Mi napitisha pamba yenye maji na sabuni kidogo, nakausha, naacha. Na rangi ya kucha ikidondokea mahali usijaribu kuitoa na asetoni, itakula plastiki yenyewe.

Vile vyeupe vilivyogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara vina dawa, na dawa iko saluni. Ile krimu ya peroksaidi ya kubleach nywele, ya asilimia 12, navaa glavu (ikikugusa ngozi yaunguza na inaacha weupe), napaka kwa brashi kote sawasawa, nafunga na karatasi ya nailoni ya kufunikia chakula ili isikauke, natoa juani. Jua ndo linalofanya kazi, na jua hapa si la kununua. Lakini jua letu ni kali, plastiki nyembamba yapinda, kwa hivo natoa asubuhi, ikikaribia saa tano naingiza ndani, na kila baada ya muda nafungua nageuza napaka upya, maana ikikauka upande mmoja utapata mabaka hayatoki tena. Vya rangi jaribu kwanza chini pasipoonekana kwa sababu waridi nayo hupauka. Na nisikudanganye, umanjano waweza kurudi baada ya miaka, ndo maana kabati langu haliko dirishani.

Vyenye pampu ya betri vingi vinakuja betri zimevuja ndani, ule ungaunga mweupe. Tone la ndimu kwa kijiti cha masikio wautoa, kisha wafuta na maji kidogo na kukausha sana, maana hewa ya bahari hii skrubu yapata kutu ukiitazama tu.

Kitu kingine, pazia la shawa na mikeka ile laini ya vinyl usiilaze ndani ya beseni gumu, kwa joto hili ile laini hutoa mafuta na kuliyeyusha beseni, wabaki na alama milele. Mi nafunga kila kimoja na kipande cha leso kuukuu.

Beseni na choo si vigumu kupata, vigumu ni vidude: kisabuni, chupa ya shampuu, kizibo, taulo. Hivyo ndo vyapotea kwanza na ndo vyenye bei. Taulo nimeshona mwenyewe kwa fulana ya zamani, maana taulo letu la kawaida kwa doli ni zito kama godoro, na kila nilichotengeneza nimekitia alama chini ili hata nikiuza mtu ajue si cha kiwandani. Nyanyangu yeye aliona seti nzima imepangika akauliza, "Na huyu ataoga vipi, birika hana, kata hana?" Nikamtengenezea kata ya kifuniko cha dawa na kijiti, iko pale na alama yake.

Saa hii nasaka kifuniko cha kile choo cha waridi cha mzee wa mkokoteni. Mwenye kuona popote kati ya Malindi na Watamu aniambie, hata kikiwa na ufa nakichukua.