Siku moja maishani mwangu: namba iliyo nyuma ya trela

Saa 11:00 alfajiri, Makambako. Siwashi injini kabla sijalizunguka gari zima kwa tochi, nikigonga tairi moja baada ya jingine kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, huku tingo wangu, yaani msaidizi wangu wa safari, akifungua matangi ya upepo wa breki ili maji yaliyojikusanya usiku yatoke. Nimebeba shaba kutoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam. Kwa macho mzigo huu unaonekana mdogo, kwa kuwa mabamba hayafiki hata nusu ya kimo cha trela, lakini uzito wake ni wa kumfanya dereva aifikirie milima ya mbele tangu anapokunywa chai ya kwanza. Nina miaka 19 ya udereva katika barabara hii ya Tunduma, na kabla ya hapo nilikuwa tingo kwa miaka 4.

Saa 12:40 asubuhi. Kabla ya Mafinga, penye misitu ya Sao Hill, ukungu ulikuwa umetanda hadi usawa wa lami. Tulikuta matawi mabichi yamepangwa barabarani, nasi tukapunguza mwendo, kwa kuwa kila dereva anajua kwamba mbele ya matawi pana gari lililoharibika. Gari lenyewe lilikwisha kuondoka. Yalibaki matawi, na katikati ya njia mawe mawili makubwa yaliyokuwa yamezuia magurudumu yake. Tingo alishuka kuyaondoa huku akinung'unika, na mimi sikumkataza. Mtu aliyesaidiwa na mawe hayo usiku kucha aliyaacha yamsubiri mwendesha bodaboda, na hatuna hata namba ya gari lake ya kumtaja.

Saa 1:50 asubuhi. Tulikuwa tunapanda kilima baada ya Mafinga, na nyuma yangu kulikuwa na semi yenye hosi nyekundu, yaani kichwa kinachovuta trela, ya kampuni nyingine, iliyokuwa imenikaribia mno. Sisi madereva wa magari mazito tuna lugha ya indiketa: nikiwasha ya kushoto namwambia aliye nyuma kwamba mbele ni kweupe, anaweza kupita, nikiwasha ya kulia namwambia abaki, kuna gari linakuja. Lugha hii haimo katika mtihani wa leseni, lakini anayewasha indiketa ya kushoto bila uhakika huyabeba maisha ya watu asiowajua, na kwa sababu hiyo wapo wazee katika kazi hii ambao hawaiwashi kabisa. Mimi niliwasha ya kulia. Aliiona, kisha akatoka akanipita pale pale kileleni, na basi dogo lililokuwa linakuja likalazimika kushuka kwenye vumbi ili apate nafasi ya kurudi upande wake.

Tingo alikwisha kuandika namba ya gari, pamoja na ile namba ya simu iliyopakwa rangi nyuma ya trela chini ya maneno yanayomwomba msomaji atoe taarifa juu ya uendeshaji mbaya. "Mzee, tupige," aliniambia. Nilimjibu kwamba bado.

Saa 2:45, mizani ya Wenda. Tulipima, hatukuzidi zile tani 56 zinazoruhusiwa, tukaondoka.

Saa 3:20, Ipogolo, Iringa. Katika mkahawa tunamopata chai na chapati nilieleza nilichokiona, na meza nzima ikagawanyika. Mmoja alisema kumpigia simu mwajiri wa mtu ni kumchoma mwenzako, kwamba kazi ya udereva ni mkate wa watoto, na kwamba dereva mwenye tabia hiyo siku atakapokwama porini atapitwa na kila gari. Mwingine, ambaye mdogo wake alifia kwenye Hiace iliyogongwa na semi, hakusema neno, alitazama tu kikombe chake. Hoja ya mkate wa watoto naiheshimu, lakini huwa inasemwa kana kwamba watu waliokuwa ndani ya lile basi dogo hawakuwa na watoto.

Hata hivyo nina sababu yangu ya kutokuwa mwepesi wa kupiga simu. Miaka mingi iliyopita niliripoti gari lililohama upande wake ghafla na nusura lilibane gari dogo. Dereva wake alifukuzwa siku hiyo hiyo bila kuulizwa. Baadaye nilikutana na tingo wake, akanieleza kwamba kulikuwa na ng'ombe barabarani ambaye mimi, nikiwa nyuma ya trela, nisingeweza kumwona. Niliyoyasema yalikuwa kweli, ila yalikuwa nusu ya tukio. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: naandika saa na mahali, nasema nilichokiona bila kuongeza nilichokidhania, na ikiwezekana naanza na dereva mwenyewe.

Saa 6:00 mchana, Kitonga. Hapa barabara inashuka kwa kona kali, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Niliingia na gia ndogo tangu juu, mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, injini ikinguruma kwa kulizuia gari, mguu ukigusa breki mara chache tu. Semi ile nyekundu, ambayo nilidhani imekwisha kufika mbali, ilitokea nyuma na kunipita, na kwa jinsi ilivyopita kimya nilijua kwamba inatembea frii, yaani gia imetolewa. Dakika chache baadaye tulisikia harufu ya breki zilizoungua.

Wanaotembea frii huamini kwamba wanaokoa mafuta, na ofisi nyingi huwapa madereva mafuta kwa makadirio, kwa hiyo lita inayobaki hugeuka fedha ya mfukoni. Hesabu yenyewe ni mbovu. Injini za sasa zinazosimamiwa na kompyuta hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedeli, ilhali gari likiwa frii injini lazima iendelee kunywa ili isizime. Wakati huo breki zinabeba uzito wote peke yake, zinapata moto, zinapoteza nguvu ya kushika, na dereva anayezikanyaga mara kwa mara anaumaliza upepo kabla mteremko haujaisha.

Saa 7:00 mchana, Ruaha Mbuyuni. Nilimkuta ameegesha karibu na wauza vitunguu, magurudumu ya trela yakitoa moshi mwembamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umelala wapi jana?"

Hakuwa amelala. Nilimwambia alichokifanya kileleni, naye hakukana. Kuhusu Kitonga alikuwa na jambo ambalo sikulitarajia: injini breki ya gari lake, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, ilikuwa imekufa kwa wiki mbili, alikwisha kuwaambia wa karakana, nao wakamwambia amalizie safari kwanza. Kwa nini basi alishuka frii badala ya kushuka kwa gia ndogo hakuweza kunieleza vizuri. Nadhani ulikuwa usingizi, na simu za ofisi.

Nilipiga ile namba nikiwa nimesimama mbele yake, ili asikie kila neno. Mtu wa upande wa pili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Amegonga?" Nilijibu kwamba hajagonga. "Basi hakuna shida, mzee, tunashukuru," akakata.

Mbele yetu kulikuwa na milima ya Iyovi, ambayo si ya kupita na breki zilizoungua. Nilimwambia kijana kwamba ninakwenda kumweleza askari wa usalama barabarani, na kwamba ingekuwa heri askari amkute gari limezimwa na ametafuta fundi mwenyewe. Hakunijibu. Askari alikuja, akainama chini ya trela, akachukua ufunguo na kusema gari halitoki mpaka litengenezwe. Nilipokuwa naondoka kijana hakunipungia mkono. Nilimwachia tingo wake maji ya kunywa, naye akayapokea bila kunitazama.

Saa 10:20 jioni, hifadhi ya Mikumi. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na mwendo wa mchana hautakiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa. Lori lililokuwa linakuja lilinipigia taa. Ishara hiyo inaweza kumaanisha tembo, na inaweza kumaanisha askari mwenye tochi ya kupimia mwendo. Safari hii walikuwa twiga wanne. Mimi huwapigia wenzangu taa kwa ajili ya wanyama, ajali na gari lililokwama. Kwa ajili ya tochi nimeacha, na wengi wananiona mchoyo.

Saa 1:30 usiku, Morogoro. Nilikuwa nimekwisha kuegesha, tingo anakoroga ugali, simu ya msimamizi wangu ikaita. Alisema kuna mtu mwenye gari dogo ameripoti kwa namba iliyo nyuma ya trela langu kwamba dereva aliwazuia watu Kitonga kwa muda mrefu, kwa makusudi, na hakumpa yeyote nafasi ya kupita. Nilihisi hasira ikipanda, na nilitaka kumuuliza kama anamwamini mpita njia kuliko dereva wake wa miaka yote hii. Kabla sijasema lolote aliendelea: amekwisha kuuangalia mwendo wangu kwenye kifaa cha kufuatilia gari, na alitaka kujua niliteremka na gia ya ngapi, breki zilikuwaje, na palikuwa na sehemu ya kuwapisha au hapakuwa nayo.

Gia na breki nilimjibu bila shida. Kuhusu sehemu ya kuwapisha ilinibidi nifikiri, kwa sababu ilikuwepo moja, karibu na chini, nami niliipita kwa kuwa nilikuwa naitazama ile semi nyekundu. Nilimwambia hivyo, na nikamsikia akiandika.