Nilivyofikisha ratiba ya maji kwenye vitochi vya KaiOS

Wakulima wa mpunga wa Mabogini, nje kidogo ya mji wa Moshi, hupeana maji ya mfereji kwa zamu, na zamu nyingine huangukia usiku wa manane. Ndiyo maana wengi wao hawaachani na kitochi: chaji hukaa, na tochi ipo kichwani mwa simu. Kikundi chao kiliponikabidhi ukurasa wa ratiba ya zamu, uliotengenezwa na fundi mwingine, ulikuwa ukifunguka vizuri kwenye simu za Android, ilhali kwenye vitochi vyenye intaneti, vinavyotumia mfumo wa KaiOS, haukuonyesha kitu. Mama mmoja mwenye majaruba karibu na banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, alinipa simu yake baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Mwanangu, bando linaliwa, zamu yangu siioni," alisema.

KaiOS ilichipuka kutoka Firefox OS, mfumo wa simu ulioachwa na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, na kivinjari cha toleo lake la 2.5 kinaendeshwa na injini ya Gecko 48, yaani programu ya ndani inayosoma na kuchora kurasa, sawa na Firefox iliyotoka mwaka 2016. Injini hiyo ni sehemu ya mfumo wenyewe, kwa hiyo kumwambia mkulima asasishe kivinjari ni kumsumbua bure.

Nilipakua Firefox 48 kutoka hifadhi ya matoleo ya zamani ya Mozilla, nikaiweka kwenye kompyuta na kuubana ukurasa hadi pikseli 240 kwa 320, ukubwa wa kioo cha vitochi vingi vya aina hiyo. Nilitarajia ujumbe wa hitilafu, lakini hapakuwa na hata mmoja, na ukimya huo ndio ulionielekeza kwenye chanzo. Msimbo wote wa JavaScript, lugha inayoupa ukurasa uwezo wa kutenda, ulikuwa umetangazwa kuwa wa aina ya "module" (moduli), ambayo Firefox ilianza kuikubali katika toleo la 60, na kivinjari kisichoijua huiruka bila kulalamika. Kwa kuwa HTML, yaani maandishi yanayojenga ukurasa, iliyotoka kwenye seva ilikuwa kisanduku kitupu kilichosubiri kujazwa na msimbo huo, mkulima alibaki akitazama weupe.

Dawa ya kawaida ni kuupitisha msimbo kwenye Babel, zana ya kugeuza msimbo, ili uandikwe upya kwa JavaScript ya zamani. Nilifanya hivyo na jedwali likatokea, ila faili lilinenepa kwa vijalizo vya kazi ambazo kivinjari hakina, na simu yenye kumbukumbu finyu ikawa inajikongoja. Kwa maoni yangu, ratiba haihitaji mzigo wote huo. Niliandika programu fupi ya seva inayosoma zamu na kutoa jedwali la HTML lililokamilika, nikaiachia JavaScript kazi moja tu ya kuupaka rangi mstari wa zamu inayoendelea, kazi ambayo ikishindikana hakuna anayekosa maji.

Mpangilio wa CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari inayoanzia Firefox 52, niliuondoa kabisa, kwani ratiba ni jedwali tangu asili. Ramani ya mifereji ilikuwa picha ya WebP, aina ya faili la picha ambayo Firefox haikuisoma hadi toleo la 65, nami nikaibadilisha kuwa PNG, aina ya zamani zaidi.

Kilichonichukua muda zaidi ni vitufe. Kitochi hakina kioo cha kugusa; mtumiaji husukuma mshale kwa kitufe cha katikati, na kuulenga kwenye kiungo chembamba huku umeshika jembe ni adhabu. Niliufanya mstari mzima wa kila kitalu kuwa kiungo, kisha nikapandisha zamu za leo juu kabisa ili zisomeke bila kushuka chini.

Wenye Android hupata ukurasa huo huo. Taarifa za dharura, kama vile banio kuziba, nimeziacha kwenye ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu hata kitochi kisicho na intaneti huupokea.