Siku moja Burj al-Barajneh: insulini iliyoganda

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jenereta ya mtaa ikizimwa feni inasimama, na mimi naamka. Julai ya Beirut ni kama Februari ya Mombasa, jasho na yote, na saa ni ile ile ya nyumbani, kwa hiyo mama akinipigia hakosei. Mimi ni muuguzi wa Kisauni. Ni mwaka 2023, nimekuja kujitolea miezi mitatu na kikundi kinachowazungukia wazee wa Kipalestina majumbani.

Saa moja na nusu. Teksi ya kuchangia. Dereva ananitazama kwenye kioo: nafanya kazi kwa madamu gani? Wiki ya kwanza nilikasirika. Leo namwambia mamadamu wangu ni tisa na wote wana presha. Anacheka. Mimi sicheki sana, maana Wakenya wengi mji huu ni wasichana wa kazi za ndani, na ruhusa yao ya kukaa nchini imefungwa kwa mwajiri.

Saa mbili. Kambi ya wakimbizi ya Burj al-Barajneh. Watu wa Galilaya, kaskazini mwa Palestina, walianza kuwekwa hapa 1948, wakitoka vijiji vya Tarshiha, Kabri, Kuwaykat. Hema zikawa matofali, na kwa kuwa kiwanja hakikuongezwa, watoto wakajenga juu ya wazazi, wajukuu juu ya watoto. Vichochoro vingine machela haipiti kona. Mgonjwa hubebwa mgongoni. Nyaya za umeme zinaning'inia pamoja na mipira ya maji, na watu wameshakufa kwa kunaswa. Mwenzangu, aliyezaliwa humu, anatangulia na kunikumbusha niinamishe kichwa. Kaka yake kasomea udaktari, lakini sheria za Lebanon zinawafungia Wapalestina kazi nyingi za kitaalamu, na huo udaktari umo. Nje ya kambi hasajiliwi.

Kila mlango tunaopita tunaambiwa "yaatik el-afye", Mungu akupe afya. Kiarabu changu ni cha kuombea maji, ila hospitalini maneno yananifuata yenyewe: dawa, damu, homa, maradhi. Kisukari wanakiita sukkari tu.

Saa tatu. Hajja wa ghorofa ya tatu. Alitoka Kabri akiwa na miaka mitano. Kila anayeandika habari za Wapalestina huandika ufunguo wa nyumba ya zamani waliyoikimbia. Mimi Hajja hakunionyesha ufunguo wowote, alinionyesha mguu. Kidonda chini ya kidole gumba, upana wa shilingi kumi, kingo zimekauka zikawa nyeupe. Naosha kwa maji ya dripu, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi kama ya visima vya kwetu, natoa nyama iliyokufa, nafunga. Kidole hakisikii kitu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko usaha.

Sukari: 312. Mashine za huku husoma kwa miligramu, kwa hiyo nagawanya kwa 18 kichwani: 17 na kidogo kwa milimoli za kwetu, juu mno. Na sindano ya insulini anapiga, daftari halina siku iliyorukwa. Naomba kichupa. Nakizungusha kati ya viganja: maziwa yaliyokatika. Vibonge vimeng'ang'ania kioo.

Mwana-mkwe anaeleza. Umeme ukikatika friji inapata joto, basi wao wakiupata tu wanakiweka kwenye friza, kikae na baridi yake. Wametumia akili, ndicho kinachouma. Insulini ikishaganda haina kazi tena, hata ikiyeyuka.

Nikawaambia ya Dadaab, kambi za wakimbizi za kwetu Kenya. Watu wa Dagahaley, mojawapo ya kambi hizo, wanaishi bila friji, na mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la nyumba za huko: insulini ilivumilia nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne. Joto la chumba hiki linavumilika. Friza ndiyo adui. Kwa tahadhari tumia vyungu viwili visivyopakwa rangi, kimoja ndani ya kingine, mchanga wa maji katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Beirut ina unyevu, hakitapoa kama kule kwenye ukavu, lakini kinasaidia.

Hajja akaguna. "Ya binti, mama yangu Kabri alikuwa na mtungi wa maji. Umetoka Afrika kunifundisha mtungi?" Kabri kilikuwa kijiji cha chemchemi. Sikuwa na jibu.

Saa nne hadi saa nane. Wazee wanane, presha saba, vikombe sita vya kahawa. Mmoja amelala, tukamwacha alale.

Saa nane na nusu. Kliniki ya UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, foleni ya kichupa kipya. Wali wa dengu na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi, tukila tumesimama.

Saa kumi na moja. Narudi kwa Hajja na kichupa mfukoni. Vyungu viko dirishani tayari, vya maua, kitundu cha chini kimezibwa kwa kitambaa. Nafunua. Ndani mna chupa ya soda ya mjukuu.

"Hiyo dawa yako usiiweke bado," akasema Hajja. "Kwanza nione kama mtungi wenu unafanya kazi."